Maji ya Kisima cha Kaole

Nimerejea chumbani sasa hivi, viatu vikiwa bado na mchanga.

Ni siku yangu ya tatu Tanzania tangu nivuke mpaka wa Horohoro nikitokea Mombasa, na leo nilikwenda peke yangu kwenye magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo.

Msikiti wake ni wa karne ya 13. Hata hivyo, nilikaa zaidi kwenye makaburi yenye nguzo, nikivitazama vishimo vya duara ambamo watu wa kale walipachika bakuli za kauri kutoka China.

Kisimani nilimkuta bibi akijaza chupa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka mbali?"

Nilipotaja Mombasa alicheka, akasema lafudhi alikwisha kuitambua, kisha akanimiminia maji viganjani bila kuniuliza kama ninayataka. Yalikuwa ya baridi, wala hayakuwa na chumvi hata kidogo, ingawa bahari haiko mbali.

Jina lake sikuliuliza, na jambo hilo linanisumbua hadi saa hii.

Wenzangu mliowahi kufika Kaole, nanyi mlikutana na nani?