Boti Waliyoniambia Nikaitupe

Fundi wa gereji ya boti aliizunguka boti yangu mara moja tu. Hakuinama, hakuigusa hata kwa kidole. Akaniambia nikamuuzie mtu wa vyuma chakavu. Nilipong'ang'ania, akaniandikia makadirio ya matengenezo: mara tatu ya pesa niliyotoa kununua boti, trela na mashine kwa pamoja. Nikamuuliza ni kitu gani hasa kibovu. Akanijibu kwamba watu wa kwetu tunapenda kuhangaika na vitu vilivyokufa.

Watu wa kwetu! Niliikunja karatasi yake nikaitia mfukoni. Leo imebandikwa kwenye ukuta wa banda langu, juu ya meza ya vifaa, na imeshaingia vumbi la msasa.

Miezi saba imepita na boti iko majini. Ninaandika kwa sababu vijana wananiuliza kila siku huku Minnesota, Marekani, kuna nini zaidi ya baridi na zamu za usiku, na kwa sababu lile neno bado halijanitoka moyoni.

Chombo chenyewe kina urefu wa futi 14, ni alumini tupu, kimeundwa mwaka 1974. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 10,000, na boti za aina hii utaziona zimelala nyuma ya nyumba kila mtaa, nyasi zimeota hadi mdomoni. Zina historia yake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege vilibaki na mafundi na mabati ya alumini. Grumman, waliounda ndege za kivita za jeshi la majini la Marekani, wakaanza kuuza mitumbwi ya alumini mwaka 1945. Hapa Minnesota, Lund walianza 1948 katika mji mdogo wa New York Mills. Ndiyo maana boti hizi zimeungwa kama bawa la ndege: bati juu ya bati, riveti mstari kwa mstari, vile vipande vifupi vya metali vinavyopitishwa tunduni na kupondwa mkia. Aliyewahi kusimuliwa na wazee habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ataelewa mara moja. Hii nayo imeshonwa, ila uzi wake ni riveti. Na kilichoshonwa hushoneka tena.

Hilo nililijua moyoni, lakini sikujua pa kuanzia. Nikampigia mjomba wangu, ambaye amechonga madau maisha yake yote na hajawahi kushika boti ya alumini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Chombo kina nini?"

"Kinavuja."

"Kinavuja wapi?"

"Sijui."

"Basi hujaanza kazi. Kitie maji ndani, kisha utoke nje ukitazame. Maji yatakuonyesha."

Kumbe hata mafundi wa huku hawana njia iliyo bora zaidi ya hiyo. Unaiweka boti juu ya trela, unaiegemeza vizuri kwa chini, unatia maji kidogo kidogo, halafu unapita chini yake na chaki ukizungushia duara kila riveti inayotoa tone. Usijaze kwa pupa! Maji ya kina cha sentimita 10 ndani ya boti kama hii yanaweza kufika kilo 300, na trela ya zamani haikuundwa kwa mzigo huo. Nilihesabu riveti 31 zinazovuja kati ya mamia. Thelathini na moja! Gereji hawakutia hata kikombe cha maji.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa akiniona nimelala chali kwenye saruji kila jioni. Siku ya nne akavuka. Mkononi alikuwa na nyundo ya upepo, na begani mfuko uliojaa vipande vya chuma kizito vilivyonyooka kama fuawe ndogo. Hakuniuliza ninatoka wapi wala nina karatasi gani. Aliuliza, "Wewe utakaa ndani au nje?" Alifanya kazi ya mabati ya ndege tangu ujanani hadi alipostaafu.

Riveti iliyolegea haihitaji kung'olewa. Mmoja anakaa nje na nyundo kwenye kichwa cha riveti, mwingine anakaa ndani akikandamiza kile chuma kizito kwenye mkia wake. Mapigo machache, mkia unatanuka tena, bati zinabanana. Ikiwa tundu limeshapanuka, ndipo unaitoboa kwa drili, unatia nene kidogo, na unaipaka gundi ya kuzibia ya baharini kabla ya kuigonga. Msidanganyike na zile riveti za kuvuta za dukani zenye tundu katikati. Maji hupita palepale kwenye tundu lake. Kama lazima uzitumie pale ambapo mkono haufiki kwa ndani, tafuta zilizozibwa mkiani.

Tulifanya kazi jioni sita. Yeye nje, mimi ndani, tukigonga ishara kwenye bati: moja anza, mbili simama. Tangu nifike nchi hii nimefanya kazi na watu wengi, lakini hizo zilikuwa jioni za kwanza mtu kuniamini nishike upande wa pili wa kazi yake. Nilipotaka kumlipa alikasirika kweli. Nikamweleza tulivyokuwa tukikalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kwa pamba na mafuta ya sifa yatokayo kwa papa, mtoto akikaa ndani ya chombo kuonyesha mwanga unapopenya. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nilirudie lile neno kalafati mara mbili.

Wewe unayepanga kuja, nisikilize hapa. Vyeti leta, lakini lete na mikono. Kwetu unamwita fundi, mnapatana, jioni kazi imekwisha na chai mmekunywa. Huku saa ya fundi inaanza kuhesabiwa kabla hajashika spana, na ndiyo maana kitu kizima kinatupwa: kukitazama tu ni gharama kuliko kukinunua kipya. Jifunze kuchomelea, jifunze nyaya, jifunze mbao, kabla hujapanda ndege. Nimeona watu wenye shahada wakilia kwa bili ya bomba.

Turudi kwenye boti, maana ugonjwa wake mkubwa haukuwa riveti. Ulikuwa nyuma, kwenye tezi, ule ubao unaobeba mashine. Mwenye boti wa kabla yangu aliutoa wa zamani uliooza akaweka mbao za dawa, zile za kujengea varanda. Alidhani anafanya vizuri. Tangu mwaka 2004, nyingi ya mbao hizo zinazouzwa Marekani kwa kazi za nyumbani zina dawa yenye shaba nyingi zaidi kuliko ya awali. Shaba ikigusana na alumini palipo na unyevu, yanakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Nilipotoa ule ubao, bati lilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui, na unga mweupe umejaa humo. Vilivyopenya hadi nje nilivifunika kwa kiraka cha bati la aina ileile, kwa gundi na riveti.

Ubao mpya nimeukata kwenye plaiwudi ya baharini, nikaupaka epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, mara tatu, kingo zote, na ndani ya kila tundu la bolti. Kwenye tundu ndiko maji huingilia. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, nazo nimezitenga na alumini kwa washa za nailoni. Kwa sababu hiyohiyo, msipake chini ya boti ya alumini ile rangi ya kuzuia viumbe vya majini yenye shaba. Na msisugue kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, maana huacha chembe zinazoanza kutu ndani ya bati. Alumini ina ngozi yake nyembamba inayojiotesha yenyewe ikikutana na hewa, na ngozi hiyo ndiyo inayoikinga. Lakini rangi haiishiki vizuri. Kwa hiyo nilisugua asubuhi, nikapaka praima ya alumini, ile rangi ya kwanza, mchana wa siku hiyohiyo.

Chini ya viti niliikuta foma, lile povu gumu la kuelea, ya tangu 1974. Ilikuwa imelewa maji, vipande viwili vikinishinda kunyanyua peke yangu. Hiyo foma ndiyo ya kuiweka boti juu ikijaa maji, sasa yenyewe ndiyo ilikuwa inaizamisha. Nimeitoa yote nikaweka mpya isiyonyonya maji. Kuna watu huitoa wakaacha patupu ili wapate nafasi ya vyombo vya kuvulia. Mwenye watoto asifikirie kabisa jambo hilo.

Ndipo nikaanza kuipamba. Sakafu ya chini, si ya juu, kwa sababu kila inchi unayompandisha mtu boti inazidi kuyumba. Taa za LED, nyekundu kushoto na kijani kulia, nyeupe nyuma. Pampu ndogo ya kutoa maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, niliyoifunga nikiwakumbuka wote waliokufa mikono kwa kufua maji usiku kucha. Nyaya za shaba iliyopakwa madini ya bati, fyuzi ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, na waya wa kurudishia umeme unarudi kwenye betri yenyewe. Usiufunge kwenye mwili wa boti kama gari, utaila alumini yako kwa umeme. Mashine ni ileile ya nguvu za farasi 15. Nimebadilisha impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kuipoza mashine, plagi na oili ya gia. Kibao cha kiwandani kinasema mwisho farasi 25 na watu wanne. Mwanangu alitaka 40. Nilimpeleka akakisome kibao kwa sauti.

Sheria za huku nazo zifahamike. Usajili ni wa miaka mitatu, namba unazibandika pande zote mbili za omo, yaani mbele ya boti. Kila mtu awe na jaketi lake la kuokolea, na mtoto chini ya miaka 10 alivae muda wote boti inapokwenda. Ukiitoa ziwani, unasafisha majani, unamwaga maji yote, na kizibo cha chini unakitoa kabla hujaingia barabarani, ili usihamishe kome wageni kutoka ziwa moja hadi jingine. Ofisa alinisimamisha siku ya kwanza. Moyo ulinienda mbio, mnajua kwa nini. Aliangalia kizibo, akaangalia riveti, akauliza nani ameifanyia kazi hii.

Nikamwambia: mimi na jirani yangu.

Jumamosi iliyopita tulikaa majini kwa muda wa saa nne, mimi, mwanangu na mzee. Nilikuwa nikiingiza mkono ngamani kila baada ya muda. Riveti moja ya kushoto, karibu na omo, bado inatoka machozi: kijiko kimoja hivi cha maji kwa saa zote hizo. Nimeizungushia chaki. Mzee amesema tutaifungua mwezi wa kumi, kabla ziwa halijaganda, na safari hii nitakaa nje mimi.