Chumvi ya Mto Pangani iliyotawanywa na hesabu zangu

Nilipoanza kuiga kwa kompyuta, nikiwa nyumbani Tanga mjini, jinsi maji ya chumvi yanavyopanda Mto Pangani wakati wa bamvua, nilitumia mbinu ya tofauti finaiti: mto hugawanywa katika vituo vyenye nafasi sawa, na badiliko la chumvi hukadiriwa kwa kutoa thamani ya kituo kimoja katika thamani ya jirani yake. Vituo vyangu viliachana mita 200, mkondo niliuweka nusu mita kwa sekunde, na hatua ya muda sekunde 200, hivyo katika kila hatua maji yalisogea nusu ya nafasi kati ya vituo, ndani ya sharti lililoelezwa na wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, ambalo kwa mbinu hii hudai maji yasisogee zaidi ya nafasi moja kwa hatua.

Hesabu zilitulia, na utulivu huo ndio ulionipotosha. Mpaka kati ya maji baridi na maji ya chumvi ulitandaa kilomita kadhaa, nami nikaamini kwamba mto ndio unaoyachanganya. Shaka iliniingia siku nilipokiweka kizigeu cha mtawanyiko, yaani namba inayosema mto unachanganya maji kwa kiasi gani, kuwa sifuri, mpaka nao ukaendelea kutandaa.

Nikaufungua mlinganyo kwa mfululizo wa Taylor, yaani nikaiandika thamani ya kituo jirani kama jumla ya vipande, ili nione mbinu inaacha vipi. Kwa kuwa nilichukua tofauti kutoka upande unakotoka mkondo, kosa kubwa linalobaki lina umbo lile lile la mtawanyiko: nusu ya kasi, mara nafasi ya vituo, mara tofauti ya 1 na namba ya Courant (sehemu ya nafasi ambayo maji husogea kwa hatua moja, kwangu nusu). Kwa vipimo vyangu, hiyo ni mita za mraba 25 kwa sekunde, ilhali mtawanyiko niliouingiza mwenyewe ulikuwa 10 tu. Sehemu kubwa ya nilichokiita mchanganyiko wa mto ilitoka kwenye mbinu. Kulishusha kosa hilo hadi 1 kungedai vituo vya kila mita 8 na hatua za sekunde 8, yaani vituo mara 25 na hatua mara 25, kazi mara 625.

Nikajaribu mbinu ya Lax na Wendroff ya mwaka 1960, yenye daraja la pili la usahihi, nikiipima kwanza kwa wimbi laini ambalo jibu lake linajulikana. Nilipoigawa nafasi kwa mbili, pamoja na hatua ya muda, kosa la mbinu ya awali lilipungua kwa takriban nusu, na la hii likabaki karibu robo. Hata hivyo, penye mpaka mkali ilizua mawimbi ya uongo na chumvi iliyo chini ya sifuri, jambo lisilowezekana katika maji yoyote. Mwanahisabati Godunov alikwisha kuthibitisha mwaka 1959 kwamba mbinu ya mstari, yaani inayojumlisha thamani za vituo kwa uzito usiobadilika, isiyozua mawimbi hayo haiwezi kuvuka daraja la kwanza la usahihi, lile ambalo kosa hupungua kwa nusu tu nafasi ikigawanywa kwa mbili.

Ikabidi niache ulazima wa mstari. Niliweka kidhibiti kinachotumia daraja la pili penye mteremko laini na kurudi la kwanza penye mpaka mkali, vituo vikiwa kila mita 50. Kizigeu kikiwa sifuri, mpaka ulibaki ndani ya vituo vichache, bila chumvi hasi. Kisha nikakirudisha kuwa 10, na mtawanyiko niliouona ukawa, kwa sehemu yake kubwa, ule nilioutia mwenyewe.