Usiku kwenye lango lililomzuia sangara

Sangara hakuwahi kupita hapa. Kwa maelfu ya miaka aliishi Ziwa Albert na kwenye kipande cha Nile kilicho chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, akipanda na mto mpaka anapokutana na ukuta wa maji wa mita 43, na safari yake ikaishia hapo. Juu ya ukuta huo, kuanzia Ziwa Kyoga mpaka kwetu Ziwa Victoria, samaki wa asili kama furu na ningu walikuwa wanakula maisha bila kumjua. Miaka ya 1950 watu wakambeba sangara, wakampandisha juu na kummwaga kwenye maji ambayo asili ilikuwa imemnyima, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongeza wengine. Ilipofika miaka ya 1980 ziwa likawa lake. Furu wakapukutika, viwanda vya minofu vikaota Mwanza, na ukoo wetu ukapata ada za shule.

Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza. Nimekua nikisikia bei ya sangara kabla ya salamu ya asubuhi. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanapanga kwenda Zanzibar, nilimwambia binamu yangu twende tukalale hemani juu ya hayo maporomoko. Akaniuliza kama kuna bwawa la kuogelea. Nikamwambia kuna mamba. Akakubali, sijui kwa nini.

Safari ya mpaka Kampala haina mengi. Basi la Mwanza siku hizi halipangi foleni ya kivuko, linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, Bukoba unafika, mpakani Mutukula unagongewa mhuri, halafu ni ndizi za Masaka mpaka usinzie. Kampala tulimkuta dereva tuliyekubaliana naye kwa simu, mtu wa Luwero, mpole, gari lake likiwa na mahema mawili, jiko la gesi na godoro moja ambalo binamu alilichukua kabla hatujasalimiana vizuri. Tukaelekea kaskazini kwa barabara ya Gulu. Migyera tulisimama kula nyama ya mbuzi ya kuchoma, na karibu na mto Kafu tukakata kushoto kwenda Masindi.

Niliambiwa nijiandae kwa barabara mbovu baada ya Masindi. Badala yake ni lami, imenyooka, imepakwa mistari, inapita kando ya msitu wa Budongo na kuingia hifadhini mpaka Paraa, ambako zamani watu walivuka Nile kwa pantoni na sasa kuna daraja. Sababu ni mafuta. Visima viko ndani na nje ya hifadhi, na mafuta hayo yamepangiwa kusafiri kilomita 1,443 kwa bomba kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Dereva aliposikia sisi ni Watanzania alicheka: "Basi hii lami ni yenu pia." Sikujua nifurahi au ninune. Barabara laini ndani ya hifadhi ni raha kwa kiuno, lakini nyani wanakaa katikati yake wakisubiri ndizi za madirishani, na magari yanapita kasi.

Kambi haiko kwenye lami. Unaiacha, unaingia barabara ya vumbi kuelekea mtoni, na hapo mbung'o wanakupokea. Nimeumwa na vingi maishani, ila mbung'o ana chuki binafsi. Anafuata gari linalotembea, anapenda rangi za giza, anachoma mpaka ndani ya suruali ya jinzi. Kando ya njia wametundika vitambaa vya buluu na nyeusi vyenye dawa ya kuwaua, na binamu alikuwa amevaa fulana ya buluu. Dereva akamtazama, akapandisha vioo vyote. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Tulienda hivyo, vioo juu, jasho likitiririka, kila mmoja ameshika kandambili mkononi tayari kwa vita.

Hao wadudu ndio walioitengeneza hifadhi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa wanaoueneza, yaliua watu wengi sana Uganda, na Waingereza wakawahamisha wenyeji wa upande huu wa kusini mwa mto. Mwaka 1910 nchi iliyobaki tupu ikafanywa hifadhi ya wanyama ya Bunyoro, na mwaka 1952 ikaja hifadhi ya taifa. Kila mgeni anasifia pori lisilo na mtu, nami nilikuwa nikilisifia, mpaka dereva aliponionyesha kwa kidevu mkwaju mkubwa uliosimama peke yake na kusema mti wa namna hiyo mara nyingi ni alama ya mahali palipokuwa na kaya ya mtu.

Kambi yenyewe ni uwanja wa majani ukingoni mwa mto, hatua chache kabla maji hayajaanguka. Kuna choo cha shimo, kuna mahali pa kuwashia moto, basi. Hakuna uzio, hakuna taa, hakuna duka la kukimbilia ukisahau chumvi. Kutoka Karuma mpaka hapa Nile inashuka kwa vipande vipande, mawe na povu, bila kutulia. Tangu mwaka 2024 sehemu ya nguvu hiyo inapita kwenye mitambo ya Karuma kuzalisha megawati 600. Mbele ya hema letu mto ulikuwa mpana, umepasuliwa na visiwa vya mawe, unakwenda kasi bila kelele nyingi. Kelele zinatoka pembeni, mahali usipopaona: ngurumo moja isiyopumua, unaisikia kwa nyayo kabla ya masikio.

Askari wa hifadhi alikuja na bunduki yake begani, akakagua mahema, akakagua chakula chetu. Kiswahili chake ni kile cha kambini.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Mwanza, afande. Tanzania."

"Ah, Mwanza. Karibu. Hapa kiboko iko mingi. Usiku kama nataka kukojoa, mulika tochi kwanza, angalia kulia, angalia kushoto. Chakula yote weka ndani ya gari. Nyani nafungua hema na mkono kama mtu."

"Asante, afande. Na mamba?"

"Mamba iko, lakini hiyo nakaa kwa maji. Nyinyi msiende kwa maji."

Ushauri mfupi, nami niliufuata neno kwa neno.

Jioni nilipika dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki Mwanza, niliowabeba kutoka nyumbani, nikawakaanga na nyanya na pilipili, ugali wa muhogo pembeni. Binamu alinung'unika kwamba tumevuka mpaka kuja kula chakula kilekile. Afande alikula sahani mbili. Tulikaa motoni akatusimulia mambo ya viboko, dereva naye akamchokoza kwa siasa za mpira, na giza likaingia ghafla, maana huku hakuna mji wa kulichelewesha.

Kulala nililala kidogo. Ardhi inatetemeka, kidogo tu, lakini ukilaza sikio chini unaipata. Saa za usiku wa manane viboko walitoka kweli. Sikuwaona, niliwasikia wakikwanyua majani kwa midomo, wakipumua kwa nguvu, umbali ambao sikutaka kuupima. Kutoka hema la pili binamu alinong'ona jina langu, nami nikanong'ona lake, tukanyamaza. Haja ndogo ikasubiri asubuhi.

Kulipokucha tukaenda kwenye ufa. Njia ni fupi, mawe yamelowa na yanametameta kwa chembe za madini ya ulanga, na kabla hujafika nguo zimeshalowana kwa manyunyu. Halafu unaona. Nile, maji ya Ziwa Victoria yaliyotoka Jinja na kupita Kyoga, inabanwa kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa kama mita saba. Mwenyeji wa Mwanza ataelewa nikisema ni abiria wote wa jioni wa Buhongwa wanaogombea mlango mmoja wa daladala. Maji hayashuki, yanarushwa. Yanagonga ukuta wa kushoto, yanarudi, yanajipanda yenyewe, yanageuka meupe kabisa, na chini yanatokea kwenye korongo yakiwa yamechoka, yanaelea na mapovu kuelekea Albert. Nilijaribu kumfikiria sangara anayepanda hapo, hata yule wa kilo 200. Nikaelewa kwa nini ilihitajika ndoo ya binadamu.

Jina la Murchison lilitolewa na mpelelezi Mwingereza Samuel Baker aliyefika na mkewe Florence mwaka 1864. Murchison alikuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia kule London, na mwanya huu hakuuona. Enzi za Idi Amin maporomoko yaliitwa Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza mpaka alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli. Ningekuwa na kura, ningempa Kabalega.

Pembeni kuna maporomoko ya pili, mapana, yanayoitwa Uhuru. Haya ni madogo kwa umri kuliko mama yangu. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilijaza Ziwa Victoria, maji yakazidi uwezo wa mwanya, na mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru, mto ukajitafutia njia nyingine. Nilisimama hapo nikaikumbuka Mei 2020, ziwa lilipovunja rekodi iliyokaa tangu 1964 na maji yakaingia mialoni kwetu. Yale yaliyokuwa yakilowesha magunia ya watu wetu yalikuwa njiani kuja hapa. Mwaka 2019 kulikuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme kwenye Uhuru, watu wa utalii wakapiga kelele kweli, na mimi niko upande wao, ingawa nyumbani umeme ukikatika huwa natukana.

Tulishuka kwa miguu na askari mwingine mpaka chini ya korongo. Jua lilikuwa kali, ngazi za mawe zinateleza. Mahali fulani kando ya mto huu, Januari 1954, ndege ndogo iliyombeba mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway ilinasa kwenye waya wa simu uliotelekezwa, ikaanguka, naye na mkewe wakalala porini bila hema mpaka mashua ilipowaokota kesho yake. Walipelekwa Butiaba, wakapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto. Binamu alisema mtu huyo alihitaji kuombewa.

Chini, kwenye mawe, tulimkuta mzungu mmoja mwenye fimbo ndefu ya kuvulia, na kijana wa kumsaidia amesimama kando akilinda mamba. Fimbo ilikuwa imepinda. Walihangaika muda mrefu, wakasogea na kurudi, hatimaye akatokea sangara, wa fedha, macho yanang'aa, kwa jicho langu la Kirumba si chini ya kilo 30. Wakampima kwa utepe, wakapiga picha. Kisha yule mzungu akapiga magoti, akamshika samaki kwa mikono miwili, akamrudisha majini taratibu.

Binamu akashika kichwa.

"Amemwachia?"

"Ndiyo sheria ya mchezo wao," askari alijibu. "Navua, naachia."

"Hata bondo hajatoa?" Alimaanisha kibofu cha hewa cha sangara, ambacho kwetu kinauzwa.

Njia nzima ya kupanda, mita 43 za jasho, alikuwa anapiga hesabu ya bondo lile kwa bei ya Mwaloni.