Damu imepona, mtu je?

Jana nilipanda Uru kumsalimia baba, tukakaa nyuma kwenye migomba nikawa namsomea kwenye simu habari za dawa ya homa ya ini C anayoumwa, ile yenye sofosbuviri na velpatasviri kwenye kidonge kimoja, unameza kimoja kwa siku wiki 12. Nikamwambia baba utafiti wa 2015 waliotibiwa walikuwa 624 na asilimia 99 kirusi hakikuonekana tena wiki 12 baada ya kumaliza dozi, na wale 116 waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa hakupona hata mmoja. Akaniangalia akasema, mama, hiyo ni damu imepona, mtu je?

Nikakosa jibu kabisa.

Usiku nimerudi Pasua usingizi hauji nikaanza kusoma upya. Zamani ilikuwa sindano ya interferoni peke yake, 1998 wakaongeza ribavirini na waliopona wakafika kama asilimia 40, wakati sindano peke yake ilikuwa chini ya 20, tena hiyo ni karibu mwaka mzima wa kuchomwa na homa na kupungukiwa damu jamani. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kwahiyo mchanganyiko ndio uliosaidia, hapo sina shaka. Ila watafiti wote hao walikuwa wanapima kirusi tu. 2017 wachambuzi wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, wakasema majaribio ya hizi dawa mpya ni mafupi mno kuonyesha kama vifo vinapungua, na hilo ndio swali la baba lile lile, mzee ambaye hajasoma hata karatasi moja ya haya mambo.

Halafu 2019 Ufaransa walifuatilia watu karibu 10,000, waliotumia dawa hizi hatari yao ya kufa ilikuwa kama nusu ya wasiotumia. Hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, labda waliopewa dawa walikuwa na nafuu toka mwanzo, watafiti walijitahidi kusawazisha hilo ila haliishi lote. Mimi lakini naamini, kirusi ndio kinachotia ini makovu, kikitoka ini linapumua.

Asubuhi nikapiga. Shikamoo baba, nikamwambia damu inatangulia mtu anafuata, ila lazima wapime makovu ya ini kwanza, maana kama ni sirosisi, yaani ini limeshajaa makovu, hata ukipona utapigwa ultrasaundi kila miezi 6 kuangalia saratani. Akakaa kimya weee, kisha akauliza, na hii omeprazoli yangu ya tumbo nameza nayo? Nikamwambia usianze chochote baba, daktari aijue kwanza, inapunguza nguvu ya hiyo dawa. Akasema basi Jumatatu twende wote.