Skrini ni ile ile

Najua mnangoja habari za Wambo. Ameposwa, wazee walikuja Jumamosi, mbuzi walikubaliwa, Mama alilia, na picha atawawekea mwenyewe. Mimi niko macho saa hizi za usiku namfikiria Bi. Rehema wa hesabu.

Ilikuwa Jumanne, jikoni pale ofisini, najaza maji kwenye birika. Nikamwamkia shikamoo (Industrial Area nzima ni yeye peke yake ninayemwamkia hivyo, wengine wote ni sasa na mambo). Akaitikia marahaba, akafunika kikombe chake kwa kisahani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi mwanangu, hiyo kazi mliyojifungia mwezi mzima ni ipi hasa? Maana mimi kila nikitazama, skrini ni ile ile."

Nikamjibu: "Ni kweli, Bi. Rehema. Ni ile ile."

Akasema "haya," akabeba kikombe chake, akaenda zake. Basi, hakuna zaidi. Hakunikejeli, na ndiyo maana inauma. Angenikejeli ningejua pa kuipeleka hasira. Naisikia ile "ile ile" yake nikiwa kwenye matatu, nikiosha vyombo, hata wazee walipokuwa wakibishana kuhusu mbuzi mimi nilikuwa jikoni kwa Mama narudia majibu kichwani. Jibu zuri lilinijia Alhamisi nikiwa nimekwama Mombasa Road. Kwake halina faida tena, kwa hiyo nawapa ninyi.

Ile skrini ya Otieno wa usambazaji mnaijua, inayoonyesha mtu wa boda amefika Kariobangi au mteja hapokei simu. Kazi yetu ilikuwa kuiandika upya, kwa lugha nyingine ya kompyuta, programu inayoilisha habari. Hakuna anayeipakia upya. Brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, inafungua muunganisho mmoja, seva (kompyuta inayotuma habari) inauacha wazi, na habari zinateremka kila zinapopatikana. Zenyewe ni maandishi matupu: mstari unaoanza na data: halafu mstari usio na kitu. Ukisahau ule usio na kitu, brauza inakaa inangoja tu, kwa sababu kwake habari bado haijaisha.

Upande wa zamani uliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na jinsi ulivyopangwa, kila skrini iliyofunguliwa ilishika mfanyakazi mmoja wa seva (si mtu, ni nafasi moja ya kuhudumia) kutwa nzima, kama yule mtu anayekalia meza ya kibanda tangu asubuhi kwa chai moja. Ofisi ya Thika Road ilipoongezewa skrini zake, wateja wa kawaida wakakosa pa kukaa. Ndiyo tukahamia Go, lugha nyingine ya kompyuta, ambako kuacha miunganisho mingi wazi si mzigo mkubwa.

Lakini huhamishi mstari kwa mstari. Kule Python kila kipande kikitolewa kinaondoka. Go inakiweka kwanza kwenye bafa, yaani kijisanduku cha kungojea, na usipoiamuru ikisukume nje, Otieno anatazama skrini nyeupe hadi bafa ijae. Halafu kuna kikomo cha muda wa kuandika, yaani muda ambao seva inaruhusiwa kutuma jibu, ambacho unashauriwa ukiweke kwa ajili ya usalama. Kikifika, mkondo wa habari unakatwa hata kama habari zilikuwa njiani. Brauza nayo, kwa adabu zake, inajiunga tena yenyewe bila kumwambia mtu, inataja namba ya habari ya mwisho iliyopokea, na seva isipokuwa na kumbukumbu ya kuanzia hapo, kilichopita katikati kimepita. Wewe unaona skrini inacheza, unasema mambo ni shwari.

Anwani ndizo zilizonikalisha hadi usiku. Mteja wa Githurai anaandika "Shuka stage ya mwisho", anabonyeza kitufe cha mstari mpya, kisha "uliza duka la Mama Shiro, geti ya bluu". Kila mstari unatakiwa uanze na data: yake. Ukiupeleka wa pili ulivyo, brauza inautupa kimyakimya. Hakuna onyo jekundu wala nini. Geti ya bluu inatoweka na kijana wa watu anazunguka Githurai na kifurushi mgongoni. Otieno hakuwahi kuona hilo, kwa sababu nililikamata kabla. Mtu atamwonyeshaje Bi. Rehema geti ambayo haikupotea?

Hapo nilikuwa nimefura kweli. Aliyenipoza ni Mutiso, yule wetu wa mahindi ya kuchoma juu ya kibodi. Kwenye programu yake ya zamani, kila sekunde 15 seva inatuma mstari wenye nukta mbili tu, na kando ameandika: "usitoe hii!!! nitaeleza". Hakueleza, akahama kazi. Kwenye majaribio nikaitoa nione. Mchana, hakuna tatizo. Usiku vifurushi vikaisha, mkondo ukanyamaza, na nginx, programu ya mlangoni inayopitisha habari mbele ya seva, ambayo usipoiambia vingine inavumilia kimya cha sekunde 60, ikaukata. Mstari unaoanza na nukta mbili brauza inaupuuza kabisa. Kazi yake ni kuonyesha tu kwamba mtu bado yuko kwenye laini. Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Nikampigia Mutiso picha ya ule mstari, nikamtumia. Akajibu papo hapo: "Bado iko?! Hiyo ilinila Pasaka yangu yote, dadangu."

Nimeihamishia Go na onyo lake na alama zake zote tatu za mshangao, ila sababu nimeiandika chini yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani naimba. Ijumaa Bi. Rehema akaleta mahamri ya iliki, akanichagulia yaliyoumuka vizuri, nami nikala yote huku nimenuna nusu.

Jambo jingine. Ule ufa juu ya mlango wa jikoni kwangu umeteremka hadi karibu na swichi. Msimamizi wa ploti anasema ni plasta tu, eti nyumba zote za upande huu ziko hivyo, maneno ambayo hayanitulizi hata kidogo. Juu wanaongeza ghorofa nyingine, mchanga unapandishwa tangu alfajiri, na mwenye nyumba akiona namba yangu hapokei. Baba Neema anarudi kutoka Nakuru kesho. Atampigia kwa yake.