Niende Benki?

Juzi jioni binti yangu, ambaye matokeo yake ya kidato cha nne hayajatimiza hata mwezi, alinisogezea simu na kuniuliza, "Mama, hawa wamejuaje namba yangu?" Ujumbe ulimpongeza kwa kuchaguliwa kusoma Stashahada ya Utabibu katika chuo ambacho hakuwahi kukiomba, na ulimtaka alipe sehemu ya ada mapema ili nafasi yake isichukuliwe na mwingine. Niliusoma mara mbili bila kumjibu, kwa sababu mawazo yalikuwa yamekwisha kunirudisha mwaka 2018, kwa mzee mmoja aliyeketi mbele ya meza yangu, katika ofisi ya udahili ya chuo nilichokuwa nikifanya kazi, akiwa na koti zito la baridi ya Sumbawanga katikati ya joto la Dar es Salaam.

Tulikuwa tumezungumza kwa simu mara tatu kabla hajafunga safari. Kila mara nilimwambia kwamba nafasi zipo, aje na mtoto, na sikumwomba hata mara moja anisomee matokeo. Ndivyo tulivyoelekezwa. Chuo kiliishi kwa ada, mishahara yetu ilikuwa nyuma kwa miezi miwili, na kila asubuhi ofisi ya udahili iliulizwa imepata majina mangapi.

Binti yake alinipa karatasi ya matokeo kwa mikono miwili. Kiswahili B, Uraia C, Biolojia D, Kemia D, Fizikia F. Mwongozo wa udahili wa Baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, ambalo wakati ule bado lilikuwa likiitwa NACTE, ulikuwa mezani kwangu, na nilikijua kwa moyo kifungu cha sifa za Utabibu: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hapakuwa na mahali pa kupenya.

Mzee hakuuliza habari za Fizikia. Aliuliza alichoweza kuuliza: "Binti, mimi shule sikufika mbali. Niambie wewe, mtoto wangu atapokelewa hapa?"

Nilimwonyesha cheti kilichoning'inia ukutani katika fremu, nikasema, "Baba, chuo chetu kimesajiliwa na Baraza." Lilikuwa jambo la kweli. Msichana alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Fizikia nilipata F." Baba yake hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi, na mimi nikajibu kwamba hilo litaangaliwa wakati wa uhakiki. Hilo nalo lilikuwa kweli, maana majina yote yalipelekwa Baraza kuhakikiwa, na Fizikia ilikuwa ndicho kitu cha kwanza ambacho kingeangaliwa. Nilizipanga kweli hizo mbili kama mtu anavyopanga mawe ya kuvukia mto, nikijua kwamba upande wa pili hapana nchi kavu.

Alinyamaza kidogo, akapapasa mfuko wa ndani wa koti kuhakikisha kwamba fedha bado zipo. Ilikuwa bei ya mahindi ya msimu mzima, aliniambia hivyo mwenyewe. Kisha akauliza, "Basi, niende benki?"

Nafasi ya kusema ilikuwa pale, na wala sikuhitaji kuzungumza sana. Ningemwambia kwamba binti anaweza kurisiti Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea na kuja mwaka unaofuata, au kwamba kwa matokeo yale yale angeweza kusoma Maendeleo ya Jamii mahali pengine. Ningetumia dakika kumi. Nilisema, "Nendeni mapema, baba, wanafunga saa kumi."

Majibu ya uhakiki yalirudi wiki kadhaa baada ya masomo kuanza, na jina lake halikukubaliwa. Ada haikurudishwa, kwa sababu fomu aliyotia saini ilisema hairudishwi. Mzee hakupiga kelele. Aliponipigia aliuliza tu kama ni yeye aliyekosea kujaza mahali fulani, na nikamjibu kwamba hapana, hakukosea, nikaishia hapo.

Niliacha kazi ile mwaka uliofuata, ingawa siwezi kudai kwamba niliacha kwa ajili yake. Namba yake ilikaa katika simu yangu kwa miaka mitatu na sikuipiga. Mara nyingine najiambia kwamba msichana alirisiti akafaulu, na kwamba leo ni tabibu katika zahanati fulani huko Rukwa, lakini sina haki ya kujifariji kwa kitu ambacho sikukiuliza.

Nilimsimulia binti yangu yote haya, na F ile sikuificha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nilimtajia jina. Akaniuliza kama aufute ule ujumbe, nikamwambia auache kwanza, tufungue mwongozo wa mwaka huu, tusome sifa za kozi ile pamoja na matokeo yake yakiwa mezani.