Vifupisho vinavyoishia kwa konsonanti

Barua pepe niliyokusudia kuandika kuhusu taratibu za malipo ilimfikia mpokeaji ikisomeka “kuhusu 14/03/2024atibu za malipo”. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesakinisha Espanso, programu ya bure inayopanua vifupisho kwenye Windows, macOS na Linux, nikaiagiza kwamba kila niandikapo “tar” iweke tarehe ya siku hiyo. Programu ilitii agizo hilo neno kwa neno. Kwa mpangilio wake wa kawaida haingoji umalize neno, bali herufi ya mwisho ya kifupisho inapobonyezwa tu, hufuta kilichoandikwa na kuweka maandishi kamili mahali pake. Nilipoandika “taratibu”, tarehe iliingia baada ya “r” na “atibu” ikafuatia nyuma yake.

Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nitafakari kwa makini namna ya kuchagua vifupisho, jambo ambalo maelekezo mengi niliyosoma huligusa kwa sentensi moja na kupita.

Nianze na njia za mkato za kibodi, kwa kuwa hazihitaji maneno mengi. Hapa kinachotawala ni mahali kitufe kilipo. Ctrl pamoja na Z, X, C na V vimekaa upande wa kushoto chini, ambako mkono mmoja huvifikia huku mwingine ukiwa kwenye kipanya. Herufi hizo nne zilitumika kwa kazi hizohizo za kutendua, kukata, kunakili na kubandika kwenye kompyuta ya Lisa, ambayo kampuni ya Apple iliitoa mwaka 1983. Nawe unapojitengenezea njia zako, fuata mantiki hiyo. Kwenye Windows huhitaji hata programu ya ziada ili kufungua programu unazotumia kila siku: bofya kwa kitufe cha kulia aikoni ya mkato iliyo kwenye eneo-kazi, fungua sifa zake, weka kishale kwenye nafasi ya kitufe cha mkato, kisha bonyeza herufi unayoitaka, nayo mashine itaongeza Ctrl na Alt yenyewe. Tahadhari ni moja tu: katika baadhi ya mipangilio ya kibodi za Ulaya, Ctrl na Alt vikibonyezwa pamoja huhesabiwa kuwa kitufe cha AltGr, na hapo unaweza kujikuta umepoteza alama uliyokuwa ukiiandika kwa njia hiyo. Mimi nina njia tano tu za aina hii. Nilipojaribu kuwa na ishirini, nilikuwa nikisita kukumbuka kwa muda mrefu kuliko ambao ningetumia kubofya.

Vifupisho ni habari nyingine, kwa sababu hukaa ndani ya maandishi yenyewe na kila siku hugongana na maneno halisi. Kiswahili kimejaa vipande vifupi vyenye maana: “na”, “ya”, “ku”, “ni”, “si”, “kwa”. Karibu kila silabi unayoweza kuifikiria ama ni neno kamili, ama ni mwanzo wa maneno mia. Waandishi wengi huepa mgongano huo kwa kutanguliza nukta mkato au nukta pacha kwenye kila kifupisho, na njia hiyo hufanya kazi, ila humlazimu mtu kupeleka kidole kwenye kitufe cha pembeni kila mara, nami ninaona kwamba inapunguza nusu ya faida.

Lugha yenyewe ina kinga nyingine. Ukiacha majina na maneno machache ya kuazima, neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hiyo kifupisho kinachoishia kwa konsonanti, kikifuatwa na nafasi au nukta, hakiwezi kuwa neno ulilokusudia kuliandika. Nilibadilisha orodha yangu yote kwa kanuni hiyo: “khs” ni kuhusu, “ksb” ni kwa sababu, “kwhy” ni kwa hiyo, na tarehe sasa ni “trh”. Sikulazimika kuvikariri, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuandika ujumbe mfupi kwenye simu tangu zamani, tukidondosha irabu na kubakiza mifupa ya neno. Katika Espanso niliongeza pia mstari wa `word: true` chini ya kila kifupisho, ili programu ingoje mpaka neno limalizike.

Kwenye kompyuta ya Windows ninayoitumia zaidi nimehamia AutoHotkey, programu nyingine inayopanua vifupisho, ambayo husubiri nafasi, alama ya kituo au Enter bila kuambiwa. Kifupisho kimoja ni mstari mmoja katika faili ya maandishi matupu:

`::khs::kuhusu`

Faili ikihifadhiwa kwa kiambishi cha .ahk na kubofywa mara mbili, kazi imeanza. Ukiandika “Khs” utapata “Kuhusu”, na “KHS” itakupa “KUHUSU”, bila mstari wa ziada. Faili hiyo, au mkato wake, ukiiweka kwenye folda inayofunguka kwa amri ya `shell:startup`, itajiwasha kila unapoingia kwenye mashine.

Vitenzi ndivyo vilivyonisumbua zaidi. Nomino hukaa ilivyo, lakini kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji na wakati mbele yake, na hakuna atakayetengeneza vifupisho tofauti vya nimewasilisha, tumewasilisha, watawasilisha na hawajawasilisha. AutoHotkey ina alama ya kiulizo inayoruhusu kifupisho kufanya kazi hata kikiwa kimeshikamana na herufi zilizotangulia:

`:?:wsl::wasilisha`

Sasa “nimewsl” hugeuka “nimewasilisha”, na “hawajawsl” hugeuka “hawajawasilisha”. Anayetumia Espanso atapata matokeo yaleyale kwa `right_word: true`, inayodai mpaka wa neno upande wa kulia peke yake. Hata hivyo mbinu hii haifiki kila mahali: “tuwasilishe”, “hatuwasilishi” na “imewasilishwa” hubadilika mwishoni, kwa hiyo hizo ninaziandika kwa mkono. Nimeitumia kwa vitenzi vinne virefu ninavyovihitaji kila siku, na sidhani kama ingefaa kwa vingi zaidi ya hivyo.

Kabla ya kusakinisha chochote, inafaa kukagua vifupisho ambavyo tayari vimo kwenye mashine bila ridhaa yako. Word huja na orodha yake ya masahihisho, iliyotungwa kwa kufikiria Kiingereza. Ukiorodhesha vifungu kwa (a), (b) na (c), cha tatu hugeuka alama ya hakimiliki. Na ukiandika “nyumba i tayari”, ile “i” huinuliwa kuwa herufi kubwa. Ctrl+Z papo hapo hutengua sahihisho moja, lakini ni bora kufungua orodha na kufuta kabisa usiyoyataka. Nafasi hiyohiyo hupokea vifupisho vyako pia, na kwa mtu anayeandika ndani ya Word peke yake huenda ikamtosha bila programu nyingine yoyote.

Nenosiri na namba za akaunti za benki sizitii kwenye faili hizi, kwa kuwa ni maandishi matupu ambayo yeyote atakayeifungua kompyuta anaweza kuyasoma. Faili yenyewe nina nakala yake kwenye kidude cha USB, na kila baada ya miezi michache ninaifungua na kufuta mistari ambayo nimeisahau.